Kitambaa Nisichokikata

Je, nilizifunga au sikuzifunga? Gurudumu la mbele la kushoto la gari letu la mashindano lilikuwa na nati nne, na kwa miezi minne ya mwaka ule nilijilaza kitandani nikizifunga upya kichwani, moja baada ya nyingine: ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto, kwa mpangilio wa msalaba kama nilivyofundishwa. Nikifika ya nne, kumbukumbu inakatika. Naiona mikono yangu yenye grisi, naiona spana, namsikia mtangazaji akiyaita kwa Kiflemi magari ya mchuano wa tatu, halafu Tonton Raphaël ananiita nilete dumu la petroli. Nilikuwa nimefika wapi aliponiita? Kwenye daftari kulikuwa na alama nne za vema, moja kwa kila gurudumu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini mimi najijua. Naweza kuweka alama ya vema huku akili yangu iko kwingine kabisa, kama vile ninavyoweza kufunga mlango, kuurudia kuuhakikisha, kushuka ngazi tatu na kuurudia tena. Kwa hiyo alama haikuwa ushahidi. Mikono yangu haikuwa ushahidi. Wakati huo Djo, dereva wetu, alikuwa amelazwa hospitali, nyonga na kifundo cha mguu vimevunjika, na kila mtu aliyenijua Brussels alijua kwamba aliyekosea ni mimi.

Tonton Raphaël alifariki mwezi uliopita. Kwenye kundi letu la simu mtu aliomba kila mmoja aandike mistari miwili ya kumkumbuka, isomwe kwenye matanga. Wameandika kwamba alikuwa fundi asiye na mfano, baba wa wote, mtu aliyeondoka akiwa na amani na kila mtu. Mimi niliandika mistari yangu nikaifuta, nikaandika nikafuta, na kila nilichoandika kilikuwa kweli na bado jumla yake ilikuwa uongo. Nina miaka thelathini sasa. Nilidhani kifo kingeipunguza hasira yangu juu ya mwaka ule. Hakikuipunguza hata kidogo, kimeiondolea tu mtu wa kumkasirikia. Basi mistari miwili imenishinda, naandika hii mirefu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi wa mitambo, na diploma yangu ilikaa ndani ya bahasha ileile niliyopewa nayo, juu ya kabati la chumba nilichopanga Evere, pembeni mwa Brussels. Nilituma barua za kazi, nikazisoma baada ya kuzituma, nikakuta koma iliyokaa vibaya, nikaamini kwamba ni koma hiyo iliyoninyima kazi. Chini ya majengo yetu kulikuwa na safu ya gereji ndogo zenye milango ya bati, na katika gereji ya mwisho Tonton Raphaël alikuwa akijenga gari la mashindano. Nilimwita tonton, yaani mjomba, lakini hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa Likasi, kule Katanga, Kongo, aliyetengeneza malori ya migodini ujanani na lifti za Brussels uzeeni. Jumapili moja baada ya ibada alinisimamisha akaniuliza ni kweli kwamba nilisomea mashine. Nilianza kumweleza kwamba inategemea mtu anamaanisha nini kwa neno mashine. Alinisikiliza kidogo, akacheka.

"Weye kichwa yako inafanya kelele kuliko moteur," alisema. "Kuya kesho ku garage. Tutakutafutia kazi ya mikono, mawazo ipumuzike."

Nilikwenda, na naapa kwamba miezi ile ya baridi ilikuwa mizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: ilikuwa mizuri. Gereji ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ili kupita upande wa pili wa gari ulipaswa kuingia kupitia dirisha moja na kutokea jingine. Lilikuwa gari la zamani la familia, limeng'olewa viti, vioo na taa, milango yake imechomelewa isifunguke tena, na ndani yake kuna kizimba cha mabomba ya chuma cha kumlinda dereva likipinduka. Ubavuni tuliandika namba 243, kama namba ya kupigia simu nyumbani Kongo, na kila Mkongo aliyelipita alitabasamu. Kulikuwa na jiko dogo la umeme juu ya pipa, na saa saba mchana Tonton alisonga bukari, ugali wetu, humo humo, akaifunika kwa sahani, akafungua kopo la sombe, majani ya muhogo, alilopewa na mama mmoja wa kwaya. Tulikula tumekaa juu ya matairi. Alinifundisha kuvumilia ukimya. Alinifundisha pia kitu kimoja ambacho hata chuoni hakuna aliyenifundisha: ukimaliza kufunga nati kwa spana ya kipimo, na si kabla, unachora mstari mfupi wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea, mstari unakatika, unaona kwa jicho tu. Na kwa kuwa usiku wa mashindano una michuano mitatu na kabla ya kila mchuano unafunga upya, kila mchuano una rangi yake. Wa kwanza nyeupe, wa pili njano, wa tatu nyekundu, na kila Jumamosi tulianza kwa kufuta mistari ya wiki iliyopita. Nyeupe na njano zilikuwa rangi za kopo. Nyekundu ilikuwa rangi yangu ya kucha, kwa sababu kopo jekundu lilikauka, na Tonton alisema rangi ya kucha inashika vizuri kuliko zote.

Jioni moja ya mwezi wa tatu nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango wa bati ulikuwa umeshushwa nusu na chini yake ulitoka mwanga wa buluu wa kuchomelea. Nilisimama nje nikingoja auzime, maana niliogopea macho yangu, na nikamsikia akizungumza na simu kwa sauti kubwa, kama wanavyozungumza watu wenye kinyago usoni. Alisema kwamba kipande kipya kingefika baada ya wiki tatu na mashindano yalikuwa Jumamosi, donc hakuna namna. Alisema: "Nimeisouder, itashika," yaani amekichomelea cha zamani. Nilipoingia, alikuwa ameshaweka gurudumu la mbele la kushoto mahali pake. Kwenye kitovu, pale zinapotokeza boliti nne zinazobeba gurudumu, niliona doa la buluu la joto kuzunguka mizizi ya boliti mbili. Nilimuuliza. Aliniambia ni doa la zamani. Mhandisi mwenye bahasha juu ya kabati aliangalia doa jipya la joto, akaambiwa ni la zamani, akasema sawa, tonton. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ni fupi na linanitia aibu: kwa sababu alikuwa mkubwa, na kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayekosea.

Uwanja ulikuwa nje ya jiji, mwendo wa saa moja, nyuma ya shamba la viazi. Kila Jumamosi ya msimu, jua likianza kushuka, trekta lilizunguka na tangi la maji kuilowesha njia ya udongo ili vumbi lisiwapofushe madereva, na kabla ya mchuano wa kwanza kumalizika vumbi lilikuwa limerudi lote, mdomoni, masikioni, kwenye viazi vya kukaanga. Familia za Kiflemi zilikaa juu ya matela ya trekta na viti vyao vya kukunja, watoto wamezibwa masikio kwa vidude vya rangi. Walituangalia sana wiki za kwanza. Baadaye walituzoea, na mzee mmoja mwenye buti za mpira alikuwa akija kila wiki kwenye boksi letu la vyakula kuuliza kwa vidole kama kuna samaki. Mama wa Djo, Maman Odette, ndiye aliyewakaanga. Alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa Jette, alitoka zamu akapanda gari la Tonton na sufuria mapajani, na mbio zilipoanza hakuangalia. Aligeuza kiti, akakaa akiwa ameupa uwanja mgongo, akasali au akamenya vitunguu. Djo alimtania kwamba yeye ndiye shabiki pekee Ubelgiji nzima anayefuatilia mbio kwa kisogo. Djo alikuwa na miaka ishirini na saba, aliendesha basi la shule siku za kazi kwa upole uliowachosha watoto, na Jumamosi aliingia kwenye 243 kupitia dirishani na kuwa mtu mwingine.

Jumamosi ya ajali, mwezi wa tano, tulikuwa wa nne katika mchuano wa pili, na Tonton alitembea kama mtu aliyepewa dunia nzima. Muda kati ya mchuano wa pili na wa tatu ulikuwa mfupi. Nilizunguka gari na spana yangu na kichupa cha rangi ya kucha. Nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Kisha dumu la petroli. Kisha wakaondoka. Mzunguko wa sita, kwenye kona iliyo mkabala na matela, gurudumu la mbele la kushoto lilijitenga na gari, likaenda peke yake juu ya udongo kwa utulivu, karibu kwa madaha. Gari liliinama upande ule, pua yake ikachimba, likapinduka mara mbili, na jingine likaligonga ubavuni, penye namba. Kelele zote zilikatika, zikabaki za mtangazaji peke yake, ambaye hakujua aseme nini akaendelea kutaja majina. Maman Odette hakugeuka. Aliuliza tu, mgongo wake bado kwa uwanja: "Ni mutoto wangu?"

Kuna mambo mawili nataka yaandikwe mahali fulani kabla sijayachosha kwa kuyafikiria. La kwanza: wakati waokoaji wanamtoa Djo kwa kukata mabomba, Tonton Raphaël hakwenda kwa Djo. Alikwenda mbele kushoto, akapiga magoti, akaangalia kitovu, akavua koti lake, akalifunika. Niliona. Nilidhani anaficha kosa langu. La pili: alipoinuka aliniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa: "Nadège, ile roue ya kushoto, uliifunga?" Na mimi, badala ya kusema ndiyo kama mtu yeyote mwenye akili timamu, nilifanya ninachofanya siku zote. Nilianza kuihoji kumbukumbu yangu. Nilisema: "Nafikiri niliifunga. Sina hakika." Hayo ndiyo maneno yaliyonihukumu. Alinijua. Alikuwa amekula na mimi majira yote ya baridi juu ya matairi, alijua kwamba ukiniuliza jina langu mara mbili nitasita. Aliuliza swali ambalo jibu lake alilijua.

Kwetu, katika kundi la watu wa Katanga wanaosali kanisani kwetu, jambo likitokea kati ya nyumba mbili halipelekwi mbali. Wakubwa wanakaa. Na wakubwa wakikaa, hawatafuti sana nani alifanya nini. Wanatafuta nani anaweza kuibeba lawama bila nyumba kuanguka. Mkubwa hawezi, maana jina lake ndilo linaloshikilia wengine. Basi anaibeba mdogo kuliko wote aliyehusika. Anakuja na kreti ya bia na kreti ya soda, anapiga magoti, anaomba samahani, na aliyekosewa akikubali anampa kitambaa cha kushona nguo. Mdogo anakwenda kukishonesha, anakivaa kwenye mkusanyiko unaofuata, watu wote wanaona, na kuanzia hapo ni marufuku kulitaja jambo lile. Papa Gaston, mkubwa kuliko wakubwa wote, alinieleza haya kwa simu taratibu sana, kama daktari anayeeleza sindano. Alisema si adhabu. Alisema ni namna ya kunisaidia nilale.

Mwezi wa sita nilipiga magoti kwenye zulia la Maman Odette, Koekelberg, kwenye ghorofa ya tano, dirishani kanisa kubwa la basilika limejaa kama mlima. Nakumbuka zulia hilo kuliko uso wa mtu yeyote: lilikuwa na maua ya zambarau na mahali palipoungua kwa pasi. Wanaume walikaa kwenye makochi. Tonton Raphaël alikaa katikati. Niliomba samahani kwa kutokuwa makini. Nilitumia neno hilo, kutokuwa makini, mimi ambaye sijawahi kuwa na ugonjwa mwingine isipokuwa umakini. Papa Gaston alisema, "Bon, mutoto ameongea muzuri." Tonton alijipangusa macho. Alilia, kweli, niliona machozi, na nikamwonea huruma, na nikiyafikiria machozi yale leo natamani kurusha kitu. Maman Odette aliniinua kwa kunishika kwapa, kama anavyowainua wagonjwa wake, akanipa kitambaa cha yadi sita, kijani chenye ndege wa manjano. Mkono wake nao ulikuwa wa upole. Hakuna aliyekunywa soda.

Kiangazi kile sikurudi gereji. Nilipata kazi ya muda ya kupanga majalada katika ofisi moja, nikayapanga mara mbili mbili. Maman Odette alinipigia kila baada ya wiki mbili kuuliza kama nimeshonesha. Fundi wa cherehani alikuwa tayari, vipimo vyangu alikuwa navyo. Niliahirisha. Nilimwambia fundi sijaamua shingo: ya mviringo au ya mraba. Kisha sijaamua mikono. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Kila nilipokiweka kitambaa juu ya meza yake na akanyanyua mkasi, nilisema ngoja. Alinijulisha jambo ambalo sikulijua, naye alilisema kama utani, kwamba ni bora niamue, maana kitambaa kizima unaweza kukirudisha ulikokitoa, lakini kikishapita mkasi ni chako mpaka kuoza. Nilikichukua nikarudi nacho Evere kwa basi, kimekunjwa vilevile.

Mwezi wa tisa Djo alianza kutembea na fimbo, na Maman Odette akatangaza sala ya shukrani nyumbani kwake Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wiki moja kabla nilikwenda kumsaidia kuchambua mchele na kuhesabu sahani. Djo alikuwepo, mnene kidogo, mwenye haya, kama kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Alinivuta sebuleni anionyeshe alichokitengeneza miezi ile aliyofungiwa ndani. Ilikuwa meza ya chini. Juu, kioo cha duara. Chini, likiwa limelazwa juu ya miguu mitatu ya mbao, lile gurudumu. Alilidai kwa Tonton kama ukumbusho, na Tonton hakupata sababu ya kumnyima. Alimletea lenyewe, lenye matope, bila tairi. Djo alilisafisha kwa mswaki kwa wiki nzima, akalipaka vanishi, akaweka kioo. Alijivunia. Niliinama kuangalia, kwa adabu.

Matundu manne ya boliti yalikuwa duara kamili. Nilisimama, nikainama tena. Nati zikilegea, gurudumu linacheza kwenye boliti zake kabla ya kutoka. Chuma kinakula chuma, na matundu yanakuwa marefu kama yai. Haya yalikuwa kama yalivyotoka kiwandani. Na kwenye ukingo wa kila tundu, chini ya vanishi, kulikuwa na mkwaruzo mdogo mwekundu. Minne. Nilimuuliza Djo wekundu ule ni nini. Alisema ni rangi ya gari lililomgonga, aliacha makusudi. Gari lililomgonga lilikuwa la kijivu. Nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu, na hata hilo nililihoji kwa dakika nzima nikiwa nimeinama pale. Kisha nikaacha kulihoji. Nyekundu ni mchuano wa tatu. Mstari unachorwa baada ya kufunga, na si kabla. Nati hazikutoka kwenye boliti. Boliti zenyewe zilikatika, pale penye doa la buluu, chini ya koti.

Mtu mwingine angesema palepale. Mimi nilirudi Evere nikakaa siku saba nikijenga kesi dhidi yangu mwenyewe. Labda Djo ataumia zaidi. Labda mzee atapata shinikizo la damu. Labda nafurahia kumwaibisha. Niliandika kwenye daftari lilelile la nati sababu za kunyamaza, zikajaa kurasa mbili, na upande wa pili sababu za kusema, ikawa moja: nilizifunga. Siku ya Ijumaa fundi wa cherehani alinipigia kusema hii ndiyo nafasi ya mwisho, akianza sasa hivi itakuwa tayari kesho. Nilimwambia asijisumbue. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumjibu mtu bila kumwambia labda.

Sebule ya Maman Odette ilijaa. Walisali, Djo akatembea bila fimbo kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi, watu wakapiga makofi na kulia, nami nililia kwa haki yangu. Kisha chakula. Mabakuli ya sombe, samaki, wali na pilipili yakawekwa juu ya kioo cha ile meza, kwa sababu ilikuwa katikati na ilikuwa nzuri, na watu wakala juu ya gurudumu lile wakisifu mikono ya Djo. Tonton Raphaël alikaa mkabala nayo. Alinitazama nguo, sketi yangu nyeusi ya ofisini, akauliza kwa utani, kwa sauti ya kusikika na wote, ndege wa manjano wamerukia wapi. Wengine walicheka. Papa Gaston hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeona mlango ulioachwa wazi.

Niliomba radhi kwa akina mama, nikaanza kuondoa mabakuli, moja moja, nikiyaweka sakafuni. Walidhani nasafisha. Nilimwomba Djo anisaidie kunyanyua kioo. Alinyanyua upande wake. Kisha nikamwomba atie kidole kwenye matundu na aniambie kama kuna lililo refu. Alizungusha kidole katika yote manne. Alisema hapana, yote duara. Nikamweleza, yeye peke yake, kana kwamba chumba ni kitupu, nyeupe ni nini, njano ni nini, nyekundu ni nini, na nani alinifundisha. Nilisema nati zilifungwa, na kwamba zilizokatika ni boliti zilizochomelewa mwezi wa tatu. Sauti yangu ilikuwa ndogo na ilitetemeka kwa hasira, na sikuisubiri itulie.

"Mutoto," alisema Papa Gaston, "ile mambo tuliizika."

"Mulinizika mimi, papa."

Huenda ingeishia hapo. Huenda Tonton angeinua mikono, angesema mtoto amechoka, na wote wangekubaliana kwamba nimechoka. Lakini nilikuwa nimemgusa mahali ambapo fundi hagusiki. Aliweka sahani yake chini, akaninyooshea kidole chenye mafuta ya samaki.

"Ile soudure ilishika miezi mbili," alisema. "Miezi mbili. Unajua kusouder, weye?"

Ilichukua muda yeye mwenyewe kusikia alichosema. Djo alikuwa bado ameshika kioo. Alikiegemeza ukutani polepole, kwa uangalifu ule aliokuwa nao kwenye basi la watoto, akaketi, akamtazama mzee, na mzee akatazama zulia, mahali palipoungua kwa pasi. Mtu alizima redio jikoni.

Kitambaa nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko wa dukani tangu Evere. Nilikitoa kikiwa na mikunjo yake ileile, nikamwendea Maman Odette, aliyekaa kiti cha karibu na dirisha, mgongo kwa watu, kama alivyokaa siku zote uwanjani. Sikupiga magoti. Nilikiweka mapajani mwake.

"Maman, samahani niliyokuomba nairudisha nyumbani. Haikuwa yangu ya kuomba."

Alikipapasa ukingo kwa kidole gumba, akafuata pindo kutoka pembe moja mpaka nyingine.

"Hukukikata," alisema.

"Sikukikata."

Akakigeuza kiti chake, akakiburuza kwa miguu yake yote minne juu ya zulia mpaka kikaangalia chumba, na kitambaa kikabaki mapajani mwake. Nilikwenda jikoni. Nilijipakulia wali na samaki, nikarudi sebuleni, na palipokuwa na nafasi kwenye kochi kati ya wakubwa, nikakaa, nikala.